Sura ya Sita: Dola Iliyobakiwa na Sauti

Tarehe 18 Septemba 1943 Waitalia waliofungua redio walisikia sauti iliyokuwa imetoweka hewani tangu Julai. Benito Mussolini alikuwa akizungumza kutoka Munich, Ujerumani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, haina ile ngurumo iliyozoeleka kutoka roshani ya Piazza Venezia huko Roma, na wako waliotia shaka kama kweli ni yeye. Alikuwa yeye. Siku sita kabla ya hapo, askari wa miavuli wa Kijerumani walimtoa katika hoteli ya Campo Imperatore, juu kwenye milima ya Gran Sasso, alikokuwa amezuiliwa kwa amri ya mfalme wake mwenyewe. Wajerumani walikwenda huko na bunduki na kamera pia, na picha za Mussolini akipanda ndege ndogo zilioneshwa katika kumbi za sinema. Dola ninayoisimulia katika sura hii, Jamhuri ya Kijamii ya Italia, ilisikika redioni na kuonekana kwenye filamu kabla haijapata jeshi, bajeti wala mji mkuu.

Turudi nyuma kidogo. Usiku wa kuamkia 25 Julai 1943, wiki mbili baada ya majeshi ya Marekani na Uingereza kutua Sicilia, Baraza Kuu la Ufashisti lilimpigia kura kiongozi wake: 19 walikuwa dhidi yake, 8 wakamtetea, mmoja akajizuia. Mchana wake Mfalme Vittorio Emanuele III akamkamata. Chama kilichotawala kwa zaidi ya miaka 20, chenye mamilioni ya wanachama, kikaporomoka karibu bila upinzani wowote. Mmoja wa wachache sana waliokufa kwa ajili yake siku hizo alikuwa Manlio Morgagni, mkuu wa shirika la habari la Stefani, aliyejiua mara alipopata habari. Sishangai kwamba alikuwa mtu wa habari. Watu waliofanya kazi ya kuwaaminisha wengine ndio waliokuwa na mengi ya kupoteza siku imani ilipokwisha.

Kisha ikaja 8 Septemba. Serikali mpya ya Marshali Badoglio ilitangaza kusitisha vita dhidi ya Mataifa Washirika, mfalme akakimbilia Brindisi, na jeshi la Italia likaachwa bila maagizo ya kueleweka. Katika siku chache Wajerumani wakalinyang'anya silaha na kuishika nchi kuanzia Napoli kwenda juu. Hapo ndipo walipomhitaji Mussolini, kwa kuwa nchi inayokaliwa kwa mabavu hutawalika kwa urahisi zaidi ikiwa na mtu wa nyumbani wa kutia saini.

Mji mkuu haukupatikana kamwe. Wajerumani hawakutaka serikali mpya ya Mussolini ikae Roma, hivyo wizara zikatawanywa katika miji midogo ya kaskazini, na Mussolini akawekwa katika jumba la Villa Feltrinelli huko Gargnano, kando ya Ziwa Garda, chini ya ulinzi wa askari wa SS. Wizara ya Mambo ya Nje, Wizara ya Utamaduni wa Umma iliyohusika na propaganda, na shirika la Stefani vilihamia Salò. Taarifa za habari zikawa zinatoka na jina la mji huo juu yake, na dunia ikaizoea serikali hiyo kwa jina la mahali matangazo yake yalikotoka.

Wizara ya propaganda ilikabidhiwa kwa Fernando Mezzasoma, mtu wa miaka 36 aliyekuwa mtiifu kwa Duce, yaani Kiongozi, kama Mussolini alivyoitwa, kuliko wengi waliomtangulia. Alikuwa na vifaa ambavyo nchi nyingi zingevitamani. Redio ya taifa, EIAR, ilikuwa na mitambo mizuri kaskazini. Magazeti makubwa kabisa, Corriere della Sera la Milano na La Stampa la Torino, yalikuwa ndani ya eneo lake. Mitambo ya studio za Cinecittà ilisafirishwa kutoka Roma hadi Venezia ili filamu ziendelee kutengenezwa, ingawa waigizaji wengi mashuhuri walibaki Roma. Waliokwenda, wakiwemo Osvaldo Valenti na Luisa Ferida, walilipa kwa maisha yao: walipigwa risasi Milano tarehe 30 Aprili 1945.

Mussolini mwenyewe alikuwa mwanahabari kabla hajawa mtawala, na miezi ile ya mwisho alirudi kwenye ufundi wake wa ujana. Akiwa hana jeshi la kuliamuru apendavyo wala sera ambayo Wajerumani wasingeweza kuizuia, alikaa Gargnano akiandika maoni yasiyo na saini, yaliyosomwa redioni na kuchapishwa kama kazi ya mtu asiyejulikana. Majira ya joto ya 1944, Roma ikiwa imeshatekwa na Washirika tangu 4 Juni, Corriere della Sera lilichapa mfululizo wa makala zake akieleza jinsi alivyosalitiwa Julai ya mwaka uliotangulia. Watu walizinunua na kuzisoma kwa hamu. Lakini fikiria mkuu wa nchi ambaye maadui wanapanda kuelekea Firenze, naye anatumia kalamu yake kueleza kwa nini alifukuzwa kazi.

Tatizo la Mezzasoma halikuwa uhaba wa karatasi. Mambo makubwa kuliko yote katika maisha ya watu yalikuwa hayatamkiki. Trieste na Udine upande mmoja, Bolzano, Trento na Belluno upande mwingine, zilikuwa zimewekwa chini ya watawala wa Hitler, na serikali iliyojiita mtetezi wa heshima ya taifa haikuweza kulisema hilo kwa sauti. Viwanda vilitumikia vita vya Ujerumani. Wanaume walikuwa wakikamatwa na kupelekwa kufanya kazi ng'ambo ya Alps. Kuhusu Wayahudi hali ilikuwa tofauti, kwa sababu hapo serikali haikunyamaza: ilani ya chama iliyopitishwa Verona Novemba 1943 iliwatangaza kuwa wageni na raia wa taifa adui kwa muda wote wa vita, na amri ya polisi ya 30 Novemba, iliyoagiza wakamatwe na wapelekwe kambini, ilitangazwa hadharani. Kilichofichwa ni mwisho wa safari ya magarimoshi. Zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamekwisha kupelekwa Auschwitz kutoka Roma, baada ya msako wa Wajerumani wa 16 Oktoba.

Wafanyakazi walipewa ahadi. Sheria ya Februari 1944 iliwapa nafasi katika uongozi wa viwanda na sehemu ya faida, na magazeti yaliisifu kama mapinduzi ambayo dunia ilikuwa ikiyasubiri. Jibu lilikuja tarehe 1 Machi. Mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa Milano, Torino na miji mingine waligoma, katikati ya nchi iliyokaliwa na jeshi la Hitler. Wengi walikamatwa na kusafirishwa kwenda kwenye kambi za Ujerumani. Mshahara haukutosha chakula, na hakuna makala ya gazeti iliyoweza kubishana na meza tupu.

Jioni, familia zilipunguza sauti ya redio na kutafuta Radio Londra. Kusikiliza idhaa ya adui lilikuwa kosa la jinai, na bado milango ilifungwa, watoto wakaonywa wasiseme shuleni, na mapigo manne ya ngoma yaliyofungua matangazo ya BBC yakasubiriwa. Waingereza nao walikuwa wakifanya propaganda, jambo hilo halifichiki. Tofauti ilikuwa kwamba taarifa zao ziliweza kupimwa. London ikisema mji fulani umetekwa, baada ya siku chache wakimbizi wa mji ule walipita barabarani wakithibitisha. Redio ya Salò ilisema mstari wa vita ni imara, na mstari huo ulizidi kusogea kaskazini. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Salò ilipimwa kwa ramani.

Kazi muhimu kuliko zote ilikuwa kupata askari. Waziri wa Ulinzi alikuwa Rodolfo Graziani, jina ambalo Mwafrika hapaswi kulipita haraka, na nitalirudia. Vijana waliozaliwa 1923, 1924 na 1925 waliitwa kwa mabango yaliyotaja heshima, usaliti wa mfalme na damu ya mashujaa. Wengi hawakuitika. Februari 1944 ikatoka amri kwamba atakayekimbia jeshi atauawa, na hapo mabango yakabadilika kutoka kubembeleza hadi kutisha. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyokusudiwa: kijana aliyekuwa amejificha kwa shangazi yake sasa alipanda milimani kujiunga na wapiganaji wa upinzani, maana huko angalau angekuwa na bunduki.

Kipimo kikubwa zaidi kiko Ujerumani kwenyewe. Askari wa Italia zaidi ya 600,000 walikuwa wamefungwa katika kambi za Wajerumani tangu Septemba 1943. Waliendewa mara kwa mara na maofisa wa Salò waliowaahidi chakula na kurudi nyumbani. Sharti lilikuwa moja, kujiunga na jeshi la Mussolini au la Ujerumani. Walikuwa na njaa, baridi iliwatafuna, na wengi wao walilelewa tangu utoto katika shule na majeshi ya watoto ya Kifashisti, wakifundishwa kuamini, kutii na kupigana. Wengi mno walikataa. Makumi ya maelfu walikufa humo. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kuhusu mipaka ya propaganda: watu walioipokea tangu utoto wao, wakiwa dhaifu kuliko wakati wowote, waliambiwa maneno yaleyale pamoja na mkate, nao wakasema hapana.

Hata hivyo si kila kitu kilichotoka Salò kilikuwa uongo, na mwandishi anayedai hivyo hatamsaidia msomaji kuelewa. Silaha kali zaidi ya wizara ile ilikuwa ukweli. Tarehe 15 Februari 1944 ndege za Marekani ziliifanya abasia ya Monte Cassino kuwa kifusi. Serikali ikatoa stempu za posta zenye picha za majengo matakatifu na ya kale yaliyobomolewa, Monte Cassino ikiwemo, na maneno ya Kilatini yaliyowalaumu maadui kwa kichaa chao. Kila barua ikawa bango dogo.

Tarehe 20 Oktoba 1944 yakatokea maafa ya Gorla, mtaa wa Milano. Ndege za Marekani zilizokuwa zimetumwa kupiga kiwanda cha Breda, kaskazini ya Milano, zilikosea njia, na mabomu yakamwagwa juu ya makazi ya watu. Bomu moja liliipata shule ya msingi wakati watoto wakishuka kwenda kwenye handaki. Wanafunzi 184 walikufa pamoja na walimu wao. Shule ile ilikuwa na jina la Francesco Crispi, waziri mkuu ambaye utawala wake uliishia Adwa mwaka 1896, jeshi la Italia liliposhindwa na Waethiopia. Lakini watoto wa Gorla hawakuwa na habari ya Adwa wala ya vita vya wakubwa. Mabango yakajaa Milano. Moja la wakati ule linaonesha Sanamu ya Uhuru ya New York ikivua uso wake na kufunua fuvu, chini yake mji unawaka moto, na maandishi yanasema hawa ndio wakombozi.

Mzazi wa Gorla alikuwa na haki ya hasira yake yote. Wizara ilitarajia hasira hiyo igeuke kuwa utii kwa Duce, na hapo ndipo hesabu ilipokataa. Waliozika watoto waliwalaani Wamarekani, kisha wakauliza ni nani aliyesimama kwenye roshani ya Piazza Venezia tarehe 10 Juni 1940 akatangaza vita huku umati ukishangilia. Jibu lilijulikana na kila mtu.

Sasa tumfikie Gino Boccasile. Kabla ya vita alikuwa mchoraji maarufu wa matangazo ya biashara na wa wasichana warembo wa jalada la gazeti. Alipojiunga na Salò alivaa sare ya SS ya Italia na kuchora mabango. Alikuwa na kipaji kikubwa, na hilo ndilo linaloumiza. Katika bango moja la 1944 askari mweusi wa Marekani, midomo na meno yamevimbishwa kupita kiasi, amekumbatia sanamu ya Venus wa Milo iliyoandikwa bei ya dola mbili. Katika jingine mtu mweusi mwenye sura ya mnyama amemkamata mwanamke mweupe, na mtazamaji anaamriwa amlinde, kwani huenda ni mama yake, mke wake, dada yake au binti yake.

Uhalifu dhidi ya wanawake ulitokea kweli. Mei 1944, baada ya mstari wa Monte Cassino kuvunjwa, askari wa Kimoroko waliokuwa chini ya amri ya Ufaransa waliwabaka wanawake wengi katika vijiji vya kusini ya Roma, na wahanga waliishi na kidonda hicho maisha yao yote, mara nyingi bila kusikilizwa. Boccasile hakuwachora wale wanawake. Alichora hofu ya ngozi, akamvisha mkosaji sare ya jeshi lingine, na kuwaunganisha watu weusi wote wa dunia katika uso mmoja.

Ni nani aliyekuwa akisema maneno hayo? Ni serikali ya watu walioivamia Ethiopia Oktoba 1935 na kuwanyunyizia wanavijiji gesi ya haradali kutoka angani. Waziri wake wa Ulinzi, Graziani, ndiye aliyekuwa mtawala wa Kiitalia huko Addis Ababa Februari 1937, wakati maelfu ya Waethiopia walipouawa kwa siku tatu kulipiza jaribio la kumuua. Tangu 1938 utawala huohuo ulikuwa ukitoa jarida zima la kutetea usafi wa damu. Kwa hiyo bango la 1944 halikuzaliwa na woga wa dakika za mwisho. Lilitolewa ghalani, mahali lilipokuwa likisubiri.

Walikuwako wazee wetu walioijua dola ya Kifashisti kwa karibu. Askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakiwemo waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walikuwa katika majeshi yaliyoivunja himaya ya Italia mwaka 1941, tangu Somalia hadi Gondar. Mtawala wake, Duke wa Aosta, alijisalimisha Amba Alagi Mei mwaka huo, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mateka, na kaburi lake liko Nyeri. Kanisa dogo la Mai Mahiu, pale barabara inaposhuka Bonde la Ufa, lilijengwa na mateka wa Kiitalia. Waliowashinda na kuwalinda mateka hao walikuwa na sura ambayo Boccasile angeigeuza ya mnyama.

Na katika Italia yenyewe, Divisheni ya 92 ya Marekani, ya askari weusi waliotengwa na wenzao weupe na jeshi lao wenyewe, ilikuwa ikipigana katika milima ya Toscana. Tarehe 26 Desemba 1944 katika kijiji cha Sommocolonia, Luteni John Fox alibaki ghorofani katika nyumba akielekeza mizinga, adui walipomzingira akaomba ipigwe palepale alipo, akafa. Vernon Baker aliongoza mashambulizi ya Castle Aghinolfi Aprili 1945. Nchi yao iliwapa nishani ya juu kabisa mwaka 1997, na wakati huo Fox alikuwa amelala kaburini zaidi ya miaka 50. Ubaguzi haukuwa wa upande mmoja wa vita. Ila upande mmoja ulikuwa umeufanya kuwa hoja yake ya mwisho.

Kulikuwa na saa moja tu ambapo sauti ya zamani ilirudi. Tarehe 16 Desemba 1944 Mussolini alihutubia katika ukumbi wa Teatro Lirico, Milano. Aliahidi silaha mpya za Wajerumani na kuapa kulilinda bonde la Po kwa meno na kucha. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na alipopita mitaani akiwa amesimama ndani ya gari la wazi, umati ulimfuata. Alfajiri ya siku ileile Wajerumani walianza mashambulizi ya Ardennes, na kwa siku chache ikawezekana kuamini chochote. Mfa maji haishi kutapatapa. Kufikia mwisho wa Januari Ardennes ilikuwa imekwisha, na hotuba ya Teatro Lirico ikawa hotuba yake kubwa ya mwisho mbele ya hadhara.

Wasemaji wenyewe walikuwa wameanza kuyaamini maneno yao. Alessandro Pavolini, katibu wa chama na waziri wa propaganda wa zamani, alimhakikishia Duce kwamba maelfu ya wapiganaji wangekusanyika bonde la Valtellina kwa vita vya mwisho vya heshima. Mussolini alitoka Milano jioni ya 25 Aprili 1945, mji ukiwa tayari umeasi, akaelekea Como kuwasubiri. Maelfu hawakutokea. Alikamatwa Dongo tarehe 27 akiwa amevaa koti la jeshi la Ujerumani ndani ya msafara wa Wajerumani waliokuwa wakikimbia, akauawa kesho yake. Pavolini na Mezzasoma walipigwa risasi Dongo siku hiyohiyo. Maiti ya Mussolini ilitundikwa Piazzale Loreto, uwanja ambao Agosti ya mwaka uliopita Wafashisti, kwa amri ya Wajerumani, waliwaua watu 15 na kuziacha maiti zao juani ili kuwaonya wapita njia.

Graziani alihukumiwa miaka 19 mwaka 1950 kwa kushirikiana na Wajerumani, akaachiwa baada ya miezi michache, na hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa aliyoyafanya Ethiopia. Mwaka 2012 alijengewa mnara wa kumbukumbu huko Affile. Boccasile alikamatwa kisha akaachiwa, akarudi kuchora matangazo ya biashara hadi alipokufa mwaka 1952.

Bango lake la mtu mweusi na mwanamke mweupe halikufa naye. Septemba 2017 chama cha mrengo mkali wa kulia cha Forza Nuova kililichapa upya, safari hii likiwalenga wahamiaji. Msomaji unayeishi Roma, London au Minneapolis, au mwenye mtoto huko, ukikutana na picha ile kwenye ukuta au kwenye simu, mweleze aliye karibu nawe ilikotoka: ilichorwa na mtu wa SS mwaka 1944, kwa ajili ya serikali iliyokataliwa na askari wake wenyewe walipokuwa wakifa njaa.